Mabuyu ya Tembo wa Mbao

Nilitoka kwetu, kando ya ziwa karibu na mpaka wa Uganda, nikiwa na cheti cha kidato cha nne, mashati mawili na hamu ya kwenda ambayo sikuweza kumweleza mtu. Mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na nyumba ilikuwa imekaa kimya kiasi kwamba nilisikia mchwa wakila mlango. Nikapanda treni ya daraja la tatu, nikafika Nairobi shingo imekakamaa kwa kulala nimekaa. Kazi niliyoahidiwa haikuwepo. Dereva mmoja wa lori akanitazama mabega, akasema kama nina mgongo nipande naye hadi Mombasa nimsaidie kupakua.

Nilisafiri juu ya magunia ya mahindi. Siku nzima niliitazama nchi ikibadilika, kijani ikawa kahawia, kisha ukaja ule udongo mwekundu ambao haukutoka kwenye nguo zangu tena miaka yote niliyokaa huko. Makindu lori likachemka maji. Dereva akanionyesha hekalu la Makalasinga, akasema pale msafiri hafukuzwi. Nilivua viatu, nikafunga kitambaa kichwani, nikaketi sakafuni na watu nisiowajua tukala dengu na chapati. Mwisho mzee mwenye ndevu nyeupe akaniwekea kiganjani kitu cha moto, laini, unga uliokaangwa kwa samli na sukari. Nilikilamba hadi kiganja kikawa safi. Tangu mazishi ya mama sikuwa nimeonja kitu kitamu, na nikaona aibu kwamba machozi yamenitoka kwa sababu ya sukari.

Kesho yake lori likafika Mtito Andei likazimika kabisa. Dereva akaingia chini yake na spana, akaniambia nitembeetembee. Nyuma ya hoteli za barabarani, kule ambako mabasi ya Mombasa yalisimama ili abiria wapate kula, nilisikia chuma kikilia, kwii, kwii, na sauti za watoto. Nikaifuata ile sauti. Nikakuta uwanja wa bembea.

Haukuwa uwanja mkubwa. Palikuwa na gurudumu la viti lililotengenezwa kwa vyuma vya reli, bembea za minyororo, na katikati bembea ya kuzunguka yenye wanyama wa mbao badala ya farasi: twiga, kifaru, nyati, pundamilia wawili, simba aliyechongwa na mtu mwenye utani kwa sababu alikuwa anacheka, na tembo. Wachongaji wa Ukambani walikuwa wamewachonga kwa mninga, wakawapaka rangi ya mafuta. Mwenye uwanja alikuwa fundi wa reli aliyestaafu, mfupi, mweusi kwa grisi hadi kwenye kope. Watu wote walimwita mjomba.

"Unajua kusukuma?" aliniuliza.

"Kusukuma nini?"

"Asi! Mtu amesoma halafu anauliza kusukuma nini. Wanyama hawa hawana injini. Injini ni bega."

Niliweka bega kwenye mti wa bembea, nikasukuma. Watoto wakapiga kelele. Lori lilipopona jioni, dereva alinipigia honi mara kadhaa, kisha akaondoka. Nilikuwa nimeshapata mahali pa kulala.

Watu wakinikuta leo wananiuliza nakumbuka nini cha Mtito Andei, wakitarajia niseme simba au joto. Nakumbuka vyakula. Abiria walikula nyama na ugali hotelini kwa haraka, wakitazama basi lao. Lakini wakiingia uwanjani na watoto, walikula kwa mchezo. Mjomba alikuwa na mashine ya sukari ya nyuzi, ile inayotoka kama pamba, ameiunganisha na pedali za baiskeli. Ukikanyaga polepole nyuzi zinatoka nene kama kamba, ukikanyaga kwa nguvu zinapeperuka na kukuganda kwenye nyusi. Palikuwa na bisi za moto zilizotiwa chumvi nyingi ili watu wanunue soda. Palikuwa na mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa na kupakwa pilipili na ndimu, njugu, miwa iliyokatwa vipande, na barafu za rangi kutoka kwenye friji ya kituo cha petroli. Barafu hizo ziliyeyuka kabla mtoto hajamaliza kuamua aanzie wapi.

Na palikuwa na mabuyu ya dada yake mjomba.

Tulimwita mwaitu, neno la Kikamba la kumwita mama, hata wasafiri Waarabu wa Lamu walimwita hivyo. Alikaa karibu na lango, kwenye kigoda, mbele ya sufuria pana. Mabuyu yake yalitoka kwao Ikutha, ng'ambo ya mto Athi, yakiwa bado kwenye maganda yao ya kijani yenye manyoya. Aliyapasua kwa jiwe, akatoa mbegu zilizofunikwa na unga mweupe mchachu. Halafu alichemsha sukari na maji, rangi nyekundu, iliki, na pilipili kidogo sana ambayo hungeijua hadi umeshameza. Akamwaga mbegu, akakoroga bila kupumzika mpaka sukari ikakauka juu yake. Aliyafunga kwenye vifuko vya karatasi za gazeti. Ungeweza kusimama Voi ukamjua mtu aliyepita Mtito Andei kwa wekundu wa ulimi wake.

Asubuhi yangu ya kwanza kazini, kabla ya lango kufunguliwa, aliinuka na kifuko cha kwanza cha sufuria, akaja mpaka kwenye bembea ya wanyama, akakiweka juu ya mgongo wa tembo. Akakishikiza kwenye sikio la mbao kisianguke. Akaniambia, "Huyu hapandwi."

"Ameharibika?"

"Hajaharibika. Ana mwenyewe."

Mjomba ndiye aliyenieleza, akipaka grisi. Mwaitu alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume. Alikulia uwanjani hapo akipanda tembo, na alipokua ndiye aliyekuwa akisukuma bembea. Msimu mmoja wa mvua alishikwa na homa, wakamfunga kwenye baiskeli kumpeleka zahanati, na baiskeli ikafika na maiti. Alizikwa Ikutha. Hakuwa ameoa.

"Sasa hilo ndilo linalomuua dada yangu," mjomba alisema. "Kufa, watu wanakufa. Lakini kufa bila mtu nyuma yako! Yeye akienda, nani atasema yule kijana alikuwepo?"

Kwa hiyo kila siku wanyama walizunguka wamebeba watoto, na tembo akazunguka amebeba mabuyu. Jioni mwaitu aliyachukua akawapa watoto wa mji waliokuwa wakining'inia kwenye ua bila kitu. Wazazi waligombana nami. Namkumbuka bwana mmoja wa suti, anaenda Mombasa na familia yake.

"Nimelipa! Kwa nini mtoto wangu asipande tembo?"

"Tembo ana mwenyewe, bwana."

"Yuko wapi huyo mwenyewe?"

"Yuko njiani," nikasema.

"Basi na akija mwambie amechelewa," akasema, na watu wakacheka. Mwaitu aliyasikia yote kutoka langoni. Hakucheka, lakini siku hiyo alinipa kifuko cha mabuyu bure na akaniita mwanangu kwa mara ya kwanza.

Akina mama wa kanisani kwake hawakupenda. Walimjia baada ya ibada, na vitambaa vyao vyeupe kichwani, wakala mabuyu yake kwanza, halafu wakamkemea. "Mwaitu, kuwekea wafu chakula ni mambo ya zamani. Tuliacha."

"Chakula gani? Hivi ni vitu vya watoto," alijibu. "Mungu aliyeumba buyu anajua tofauti ya sadaka na peremende."

Sasa niseme jambo ambalo bega langu la kulia halijalisahau hadi leo. Bembea ile ilikuwa na miti saba iliyotoka katikati, na mnyama mmoja kwenye kila mti. Mimi nilisimama mahali pamoja na kuupokea kila mti ulipofika, nikausukuma, nikasubiri mwingine. Baada ya majuma machache bega langu lilijua kila mnyama bila macho. Twiga mwenye mtoto mnene. Kifaru mtupu. Simba mwenye watoto wawili waliokataa kuachana. Na kila tembo alipofika, alifika na uzito wa mtu.

Nilimwambia mjomba. Akaja akasukuma mwenyewe, akafuta mikono kwa kitambaa.

"Beringi imelika upande huo," alisema.

"Tuibadilishe basi."

"Nilishaibadilisha mwaka jana," akasema, akaenda zake kutazama gurudumu.

Mwaka wangu wa pili pale, baada ya mavuno, mwaitu alifunika sufuria yake akaenda Ikutha. Alirudi na msichana. Nilifikiri ni mpwa wake aliyekuja kumsaidia. Alikuwa mrefu, mwenye mwanya, na baada ya siku chache akawa na karai lake la viazi vilivyochovywa kwenye unga wa manjano. Wasafiri walipanga foleni kwa viazi na kwa maneno yake. Mimi aliniita mla samaki.

"Mla samaki, njoo uonje kama chumvi imetosha. Au kwenu mnajua chumvi ya ziwani tu?"

"Ziwa letu halina chumvi."

"Ndiyo maana mmekonda."

Nilianza kuonja chumvi kila saa. Siku moja nilijipa moyo nikamuuliza kama ana mtu.

"Mimi nimeolewa," alisema, akigeuza viazi.

"Mume wako yuko wapi?"

Akaonyesha kwa kijiko chake cha matundu, mafuta yakidondoka, kuelekea tembo.

Ilikuwa kweli. Ukambani zamani, na katika nyumba nyingine hata wakati huo, kijana akifa kabla ya kuoa, wazazi wanaweza kumwolea mke. Mwaitu alikuwa amepeleka mbuzi kwa wazazi wa msichana, mmoja mmoja, kwa jina la mwanawe. Watoto atakaozaa mwanamke huyo ni wa marehemu. Wataitwa kwa jina lake, watalima shamba lake, na mmoja wao atamwita mwaitu nyanya. Nilimuuliza msichana kama alilazimishwa.

"Nani anilazimishe? Nimewaona wanaume walio hai wa kijijini kwetu," alisema. "Huyu wangu hanywi, hapigi, hachelewi kurudi. Na mama mkwe ananipenda. Taja mwanamke mwenye hayo yote."

Nilicheka. Yeye pia alicheka, kisha akaacha kabla yangu, akaniangalia kama mtu anayepima kitambaa.

Haukupita muda mjomba akaniita mchana, wakati mabasi hayajafika. Tulikaa kwenye kiti cha chini cha gurudumu, mimi na yeye, kama watu wanaosubiri kuzungushwa.

"Unajua yule msichana ni wa nani," alisema.

"Najua."

"Mume wake hawezi kuja. Na nyumba inataka mtoto. Dada yangu hawezi kukwambia kwa mdomo wake, kwa hivyo naongea mimi. Sikia vizuri. Mtoto akizaliwa ni wa marehemu. Jina, shamba, kila kitu. Wewe hutaitwa baba. Hapa utaitwa mjomba, kama mimi. Ukikubali, unakubali hivyo. Ukikataa utaendelea na kazi yako, hakuna mtu atakununia."

"Na yeye mwenyewe anasemaje?"

"Asi! Unafikiri nani amenituma?"

Nilitaka kusema ngoja nifikirie. Lakini kule kwenye karai alikuwa ametupa mgongo, amenyamaza, na yeye hakuwa mtu wa kunyamaza. Nikakubali. Nilielewa kila neno nililoambiwa. Sikudanganywa na mtu yeyote. Nilikuwa kijana tu, na nilidhani neno baba ni neno dogo, mtu anaweza kuishi bila hilo akiwa na mengine yote.

Na kwa muda nilikuwa nayo. Nilikula viazi vya kwanza vya karai, vile vinavyonyonya mafuta mabichi na ambavyo mpishi hawezi kuviuza. Tulikunywa soda moja kwa mirija miwili, tumekaa kwenye bembea za minyororo uwanja ukiwa umefungwa, joto la mchana bado liko kwenye chuma. Alizaa mtoto wa kiume mwenye masikio yangu, yaliyojitokeza kidogo. Mwaitu alimpokea, akamtemea mate kidogo kifuani kwa baraka, akamwita kwa jina la ukoo wa mwanawe. Kisha akaja mpaka kwenye bembea akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, mikono iliyokuwa myekundu kwa rangi ya mabuyu.

Mtoto akiwa anatambaa, nilimwambia mama yake twende kwetu. Kuna ardhi, nilisema, kuna mvua, nitakuoa kwa watu wetu.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Na mume wangu nitamwachaje?"

Nilisubiri acheke. Safari hii hakucheka.

Nikaendelea kusukuma. Mtoto akatembea, akaanza kusema, akaniita mjomba. Alijifunza kukanyaga pedali ya mashine ya sukari akiwa amesimama juu yake kwa miguu yote miwili. Mwaitu alikuwa anasubiri kitu, nami nilijua ni nini. Kila asubuhi alipoweka kifuko juu ya tembo, alimpima mtoto kwa macho: kama miguu yake itafika kwenye vikanyagio, kama mikono itaweza kushika masikio ya mbao.

Siku yenyewe ilikuwa ya likizo ya shule. Mabasi yalikuwa yamejaa na uwanja ulijaa, moshi wa mihogo, bisi zikipasuka, watoto wenye ndimi nyekundu na nyusi zenye pamba ya sukari. Mwaitu alikuja na kifuko cha kwanza. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Kwa mkono mwingine alimshika mjukuu wake. Hakukiweka kifuko juu ya tembo. Alimwinua mtoto akamkalisha, kisha akampa kifuko mkononi.

"Kula," akamwambia. "Ni yako."

Mtoto wa msafiri mmoja alikuwa ameshakimbilia tembo, akawa anavuta mguu wake. Mwanangu akamtazama kutoka juu, shavu limejaa mabuyu, akasema yale aliyonisikia nikisema maisha yake yote. "Huyu ana mwenyewe."

Baba wa yule mtoto alicheka. Akanigeukia, mtu mwema, anataka maongezi tu. "Kadogo haka kana maneno! Ni ka nani?"

Nilifungua mdomo. Ningesema nini, sijui hadi leo. Mwaitu alikuwa ameshajibu, kwa sauti ya furaha ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alitaja jina la mwanawe. "Ni wa huyo," alisema. "Amemwacha nyuma."

Mtoto akaitika kwa kichwa, akala.

Nikaweka bega. Bembea ikaanza kulia, kwii, kwii. Twiga akapita. Nyati akapita. Simba akapita na kicheko chake. Nilikuwa nimejiandaa kwa tembo, nimekaza mguu, kwa sababu sasa alikuwa na mtoto juu yake, mtoto halisi mwenye mifupa na tumbo lililojaa uji. Alifika begani kwangu. Uzito ulikuwa uleule. Haukuongezeka hata kidogo. Akafika tena, na tena, uleule niliousukuma tangu juma la kwanza, na mwanangu akanipita akicheka, mdomo mwekundu, akipunga mkono, wala hakuwa akinipungia mimi. Alikuwa akimtazama mtu aliye nyuma ya bega langu, au alikuwa akimtazama nyanya yake. Sikugeuka kuona.

Nilizungusha mpaka zamu ikaisha. Nikawashusha watoto wote isipokuwa yeye. Mjomba alikuwa kwenye gurudumu, aliniona nikichukua shati langu kwenye msumari, akavua kofia. 

Mama wa mtoto alinifuata hadi barabarani, kijiko cha matundu bado mkononi, karai ameliacha linachemka.

"Unaenda kwenu, mla samaki?"

"Naenda tu."

"Utarudi?"

"Nyumba yako sasa imejaa," nilimwambia. "Mume yuko, mtoto yuko, mama mkwe anacheka. Mimi ndiye nisiyekuwepo."

Hakukana. Niliupenda moyo wake kwa hilo, kwamba hakukana. Alinitia mkononi kifuko cha mabuyu, akarudi haraka kwa sababu viazi vilikuwa vinaungua na watu walikuwa wanamwita. Lori la chumvi kutoka pwani likapunguza mwendo, nikapanda.

Tangu hapo nimefanya kazi katika miji mingi, na sijakaa katika wowote zaidi ya misimu michache. Nina miaka arobaini na kitu. Kijana yule sasa atakuwa na ndevu, na kama mambo yalikwenda kama yalivyopangwa, analima shamba la baba yake Ikutha. Sijarudi kuona. Mahali pengi nimekuta mabuyu yakiuzwa, mengine matamu kuliko yale. Siku nilipoondoka niliyala ya kwangu taratibu juu ya magunia ya chumvi, mbegu moja moja, nikitema kokwa barabarani, na kabla ya Makindu nilitia mkono kwenye kifuko nikakuta hakuna kitu. Sikumbuki kuwa niliyamaliza. Nakumbuka tu kwamba begani, upande wa kulia, kulikuwa kumekuwa kwepesi, ule uzito wa tembo umeniacha, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na wepesi huo ndio ulioniliza.